Mawe Niliyomficha Daktari

Jumamosi, saa tisa alasiri.

Mvua imenyesha Kisumu tangu asubuhi na sasa imekatika. Dirisha liko wazi, harufu ya udongo uliolowa inaingia, na mate yamenijaa mdomoni. Watu wengine harufu hii huwakumbusha kupanda mahindi. Mimi hunikumbusha kula.

Naam. Mimi ninakula udongo.

Si udongo wa shambani, bado nina heshima zangu kidogo. Ni odowa, yale mawe laini ya udongo ambayo wanawake wajawazito hununua soko la Kibuye na kuyatafuna. Mimi si mjamzito. Nina miaka arobaini na sita, figo zangu zimeharibiwa na presha niliyoipuuza kwa muda mrefu, na ni mwalimu wa sayansi. Kila mwaka nawaandikia watoto ubaoni dalili za upungufu wa damu: uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, viganja kupauka. Kisha natafuta kiti, kwa sababu siwezi tena kusimama kipindi kizima.

Mama anayeniuzia nilimwambia ni ya mke wa mwanangu. Mwanangu yuko kidato cha pili. Wiki jana mama wa watu aliniuliza kwa huruma, "Mwalimu, kwani huyo bibi ya kijana yako hajazaa tu?" Nikahesabu kichwani. Mimba hiyo sasa ina miezi kumi na minne.

Nilicheka njia nzima. Nilipofika nyumbani nikalia.

Jana ilikuwa siku ya kliniki. Nilikwenda na Okoth, mdogo wangu anayeishi Awasi. Okoth ndiye atakayenipa figo. Vipimo vyake vimekubali, na tangu siku ile ameacha sigara, alizokuwa akivuta tangu ujanani. Aliambiwa mara moja tu, akaacha.

Daktari aliangalia karatasi yangu, akavua miwani. Damu imeshuka tena. Alitueleza polepole ili Okoth naye aelewe. Figo nzima ndiyo huuagiza mwili utengeneze damu. Zangu zimechoka kuagiza, ndiyo maana nachomwa sindano kila wiki ili ifanye kazi hiyo. Lakini sindano bila madini ya chuma ni kama fundi aliyefika kwenye jengo akakuta hakuna matofali. Vidonge vya chuma nameza kila siku, na haijulikani vinakoenda. Hali ikiendelea hivi itabidi niongezwe damu, na hilo hapendi, kwa sababu damu ya watu wengine inaweza kuufundisha mwili wangu kukataa kiungo cha mtu mwingine. Hata cha Okoth.

Kisha akaniuliza kama kuna kitu kingine ninachokula. Dawa za kienyeji? Udongo?

Nikasema hapana. Mkoba ulikuwa mapajani mwangu, na mawe yalikuwa ndani.

Sikukosa elimu. Nimesoma kwamba udongo unaweza kukishika chuma tumboni kabla mwili haujakichukua, na kwamba hamu yenyewe mara nyingi ni dalili ya kukosa chuma. Kwa hiyo nilikuwa nakula kwa sababu damu imepungua, nayo inazidi kupungua kwa sababu nakula. Ningemwona mwanafunzi anafanya hivyo ningemwita mzazi wake.

Kilichonifunga mdomo ni aibu. Ugonjwa wa figo watu wanauheshimu, kanisani wanauombea kwa jina. Nani atasimama kumwombea mwalimu anayetafuna mawe?

Okoth alilala kwangu. Leo asubuhi tukinywa chai nilimwona akipapasa mfuko wa shati, pale sigara zilipokuwa zikikaa. Hakukuta kitu. Akaurudisha mkono mezani, akaendelea na mkate wake bila kulalamika. Nikaenda kuuleta mkoba, nikamwaga mawe mezani mbele yake, nikamwambia yote.

Aliokota jiwe moja, akaligeuza, akalirudisha mezani.

"Nyaminwa," akasema, yaani dada yetu kwa Kijaluo, ndivyo anavyoniita, "mimi nimekubali wanipasue nikupe figo. Na wewe umeshindwa kunipa ukweli?"



Nikampigia simu sista, muuguzi wa kliniki, papo hapo, Okoth akisikia. Nilijiandaa kugombezwa. Sista hakushtuka hata kidogo. "Mwalimu, si wewe peke yako. Acha leo. Na hizo dawa za chuma usimeze na chai. Kuja Jumatatu uambie daktari mwenyewe, tupime chuma kwanza kabla tuongee mambo ya kuongeza damu."

Dakika mbili. Miezi yote ile ya kujificha, na simu ilichukua dakika mbili.

Okoth aliondoka kwenda Awasi kabla ya adhuhuri, mvua ikinyesha. Kwa kawaida huniaga mara tatu: sebuleni, mlangoni, na tena akiwa getini. Leo aliniaga mara moja. Sikuthubutu kumuuliza kama bado tuko pamoja. Naogopa, niseme wazi. Naogopa kwamba nimempoteza ndugu, achilia mbali figo.

Mawe nimeyatupa kwenye shimo la choo, yote, hata vumbi lililobaki chini ya mkoba nimelikung'uta. Jumatatu nitakaa mbele ya daktari na kumwambia kwa mdomo wangu kwamba nilimdanganya. Okoth akija, atakuta nimeacha. Asipokuja, nitakuwa nimeacha vilevile.

Mpaka sasa nimemaliza saa sita nzima bila kutafuna.