Baraka za Papa na Upepo wa Nakivale

Jumapili jioni, Julai 2013. Niko Mbarara. Ni kiangazi, vumbi limetanda kila mahali, na upepo haujatulia tangu juzi.

Nimerudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale saa kumi. Nywele zimejaa mchanga na midomo imepasuka. Blauzi yangu ililowa kifuani asubuhi, imeshakauka zamani, lakini sijaivua. Mume wangu anakunja nguo za mtoto. Mtoto amelala juu ya begi kubwa, lile ambalo bado halijafungwa.

Zimebaki siku sita. Jumamosi tunapanda ndege kwenda Kanada, sisi watatu.

Papa, baba yangu, anabaki. Alikataa mwenyewe. Kila alipoitwa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nje alijibu kwamba yeye atarudi kwetu Kongo, Mboko, kwenye Ziwa Tanganyika, na kwamba mtu anayerudi kwao hatafutiwi nchi nyingine. Amejibu hivyo kwa miaka kumi na tano. Mama alizikwa Nakivale akisubiri safari hiyo.

Leo naandika jambo ambalo nimelificha. Kwetu, mtoto anayekwenda mbali habarikiwi kwa maneno matupu. Mzazi huchukua maji mdomoni, akampulizia mtoto kifuani na viganjani, kisha akasema neno lake. Mama alinifanyia hivyo ndani ya nyumba nilipokuja kujifunza ushonaji hapa mjini, mwaka mmoja kabla hajafa. Mchungaji wetu wa Mbarara huyaita hayo mambo ya kipagani, nami nimekuwa nikiitikia amina kwa sauti. Papa naye ni mzee wa kanisa, na huyafanya baada ya Baba Yetu, bila kuona haya.

Amina yangu ilikuwa ya uongo. Siwezi kupanda ndege bila maji ya Papa.

Mwezi mzima nilikuwa namwomba. Kila mara alijibu, "Tutaona." Nikaanza kuamini kwamba ananiadhibu kwa sababu ninamwacha peke yake na kaburi. Sikumlaumu. Usingizi wangu uliisha hapo.

Wiki iliyopita akanipigia kwa simu ya jirani. Nije Jumamosi, peke yangu, tulale ufukweni. Hawezi kunibariki kwa maji ya bomba, alisema. Kule Mboko wavuvi walikuwa wanalala mchangani, na msafiri alibarikiwa alfajiri, miguu yake ikiwa ndani ya ziwa.

Ili mtu aelewe yaliyotokea, lazima nimweleze habari ya mlango wa Papa. Mboko ina milima nyuma yake. Usiku na alfajiri upepo hushuka kutoka milimani kuelekea majini, kwa hiyo nyumba hutazama ziwa na upepo huipiga mgongoni. Tulipofika Nakivale Papa alijenga vivyo hivyo, mlango ukitazama ziwa. Tatizo ni kwamba hapa upepo hutoka ziwani. Kila kiangazi unaingia mlangoni kama mwenye nyumba. Mama alipika akiwa amefunika sufuria kwa kitenge, akalalamika mpaka akachoka. Papa alimjibu kwamba upepo huu ni wa kupita, utageuka. Mama hakufua dafu.

Jana mchana tulishuka hadi mahali wavuvi wanapoegesha mitumbwi, mbali kidogo na njia ya viboko. Papa alikuwa amebeba turubai kuukuu, mimi sufuria, unga na birika. Akaanza kusimika hema, mdomo wake ukitazama maji. Mvuvi mmoja, Mnyankore mwenyeji wa hapa aliyekuwa anashona wavu, akamwambia kwa upole, "Mzee, hapa upepo iko natoka kwa maji. Geuza hiyo nyumba."

Papa alimshukuru kwa heshima zote, akaendelea kupigilia vigingi.

Chai haikuwa imechemka. Turubai lilijaa upepo, likang'oa vigingi viwili na kukimbilia kwenye mafunjo. Tulilifukuza mimi na yule mvuvi, Papa nyuma yetu ameshikilia kofia. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakusema mkuu mwenyewe asipotaka kusikia inakuwaje. Tulisimika tena. Papa akaelekeza mlango palepale. Safari hii nilibeba mawe makubwa nikayapanga pembeni. Nilikuwa nimekuja kuomba, na mwombaji hagombani.

Jioni tukatembea ufukweni. Nakivale haina mchanga mrefu kama ule wa Mboko ninaoukumbuka kwa mbali. Kuna kipande cha mchanga, halafu tope, halafu mafunjo yaliyoinamishwa na upepo, halafu mchanga tena. Papa alitangulia. Nikaona kisigino chake kimepasuka na ndala ya kushoto imefungwa kwa waya. Nikajiuliza ni nani atamkata kucha. Ni swali dogo, lakini ndilo lililoniliza. Nilishukuru kwa upepo ule, kwa sababu macho ya kila mtu yalikuwa mekundu.

Papa huniita Mama, kwa kuwa nina jina la mama yake mzazi. Tulipofika kwenye mafunjo ya mwisho alisimama, akauliza bila kugeuka.

"Mama, kule munaenda, kuko ziwa?"

"Kuko mingi, Papa."

"Na upepo inatokeaka wapi?"

"Sijue."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari ya ugonjwa. Tukarudi kula ugali na samaki, ngege tuliyopewa na yule mvuvi. Ugali ulikuwa na mchanga, tukaumeza.

Usiku tulilala kidogo na turubai lilipiga makofi hadi kulipokucha. Papa hakuwa na wasiwasi. Aliniambia alfajiri upepo utageuka, utatoka nchi kavu, ndipo tutafanya kazi yetu.

Alfajiri ikafika. Upepo ulikuwa umepungua kweli, nami nikaanza kumwamini. Tulisali Baba Yetu. Akaniambia niingie majini hadi magotini, nimtazame yeye, mgongo wangu uelekee ziwa. Yeye alibaki mchangani, mgongo wake ukielekea nchi kavu, kama walivyosimama baba zake kule Mboko. Alichota maji kwa kiganja, akayaweka mdomoni, akafumba macho. Nilikunjua viganja vyangu.

Akapuliza.

Upepo ulitoka nyuma yangu, kutoka ziwani, mkali. Maji yote yakamrudia usoni.

Mimi sikupata hata tone. Nilisimama na viganja vitupu, nikawaza kwamba ndiyo basi, nimekataliwa, na aliyenikataa si Papa. Mawazo yote ya kale ambayo nimeyacheka mbele ya mchungaji yalinijia kwa pamoja, nikaogopa kama mtoto.

Papa hakujifuta. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye ndevu. Alitazama ziwa, halafu akageuka akatazama juu, kule nyumba yetu ilipo, na mlango wake.

"Mama yako alikuwa na haki," alisema. "Miaka kumi na tano minangojea upepo ya Mboko hapa Nakivale."

Sijawahi kumsikia Papa akisema hivyo. Mama alingojea maneno hayo na akafa hajayasikia. Nilitaka kufurahi kwa niaba yake, lakini nilimwona Papa amezeeka papo hapo, mabega yameshuka, na kilichokuwa kimemsimamisha miaka yote hiyo kimeondoka. Sikujua nimshike au nimwache.

Kisha akavua ndala, akakunja suruali, akaingia majini. Alinishika mabega akanigeuza, tukabadilishana nafasi. Sasa mimi nilikuwa upande wa nchi kavu na yeye amelipa ziwa mgongo. Nadhani ni mara yake ya kwanza kusimama hivyo. Alichota tena, akapuliza. Upepo uliyaleta maji yote kwangu, kifuani, viganjani, hata machoni.

"Uende muzuri, Mama," alisema. "Mungu akulinde, na bwana yako, na mutoto. Ukifika kule, usifanye sawa mimi. Uliza bantu ba kule upepo inatokeaka wapi, kisha ujenge."

Nilijibu amina. Hii haikuwa ya uongo.

Tulikunja turubai. Tulipofika nyumbani hakuketi. Alitafuta kamba, akanipa ncha moja niishike kwenye kona ya ukuta wa nyuma, yeye akashika nyingine akawa anapima. Alichora mlango kwa mkaa juu ya udongo. Sikumwuliza habari za Mboko, naye hakuzitaja. Nilipokuwa naaga aliniambia nisichelewe gari la Kabingo la kunirudisha Mbarara, kisha akarudi kupima upya, kwa sababu mstari ulikuwa umepinda.

Mlango huo sitauona.

Nimekaa hapa na blauzi yangu iliyokauka. Huku Mbarara upepo unatikisa mabati na nimejikuta nasikiliza unatoka upande gani, kitu ambacho sijakifanya miaka yote niliyoishi hapa. Kesho nina mabegi ya kufunga na karatasi za kupanga. Mume wangu ana kitabu kidogo cha Kiingereza na kila jioni tunajifunza salamu. Kesho nitamwambia tuziache kwanza, anitafutie namna ya kuuliza upepo unatoka wapi.