Jogoo Bado Hana Jina

Omera, ndugu yangu Odhiambo,

Tangu tukuzike, mimi ndiye jaji mkuu wa chesi hapa Kosele. Magrandmasta wakicheza huko Ulaya na mimi nikiwapa alama dukani kwa Abdi, watu wote kimya. Hakuna anayethubutu kunipinga.

Haya, usinikodolee macho. Ni uongo. Wananyamaza kwa kunihurumia.

Yale mashindano makubwa uliyokuwa ukiyangoja yameisha. Nimeyatazama kwenye simu ya Abdi. Kile kipande cha boksi la kiberiti ulichobandika kwenye kioo chake, kuficha kipimo cha mashine kinachoonyesha nani yuko mbele, Abdi alitaka kukitoa. Nikamwambia, "Kibandue, nami nitakubandua ndevu." Wewe ulisema tuwapime kwa macho yetu, na tukikosea, tukosee kama watu.

Basi nimepima. Bingwa wa koti la kijivu amebeba kikombe, lakini alikuwa akikubali sare kabla chai yangu haijapoa. Nikampa nne kwa kumi. Kijana wa miwani alimtoa farasi wake kwa madaha, nikasimama, nikapiga makofi, nikampa tisa. Kumbe! Akafungwa vibaya. Mimi na elimu yangu ya darasa la tano sikuona shimo. Wewe ungevua kofia useme, "Okoth, huyo farasi amepotea njia. Mbili." Tungegombana mpaka Abdi azime simu, kisha tukubaliane tano.

Hakuna aliyesema mbili, Odhiambo. Tisa imebaki tisa.

Sasa jogoo. Sheria yetu unaijua: mashindano yakiisha, jogoo mkubwa wa boma lako anapewa jina la grandmasta aliyetufurahisha kuliko wote, na hachinjwi mpaka mashindano mengine. Lakini jina ni mpaka tukubaliane wawili. Min Akinyi, mke wako, anasema jogoo asiye na jina ni kitoweo, na Jumapili wageni wa kanisa wanakuja. Amenivumilia tu kwa sababu alinikuta nalia kwenye banda la kuku. Usicheke.

Mimi namtaka yule mnyamavu aliyeshika mkia. Mchana kutwa alibaki na mfalme na kitunda kimoja, kile kipande kidogo kuliko vyote, mbele ya bingwa, akakataa kufungwa. Siku nyingine zote alicheza ovyo. Sijui kama ni uchezaji wake ninaoupigia kura, au ni huzuni yangu.

Lala salama, jaduong', mzee wangu. Kiberiti hakitatoka kwenye kioo nikiwa hai.

Ila unakumbuka ile siku ya mvua, nilipokuruhusu umrudishe malkia uliyempoteza kizembe? Ulisema, "Hisani hii nitailipa." Ilipe kabla ya Jumapili. Wafu wa huku wakija ndotoni huja kudai mbuzi. Wewe njoo ukae kwenye kiti chako, kidogo tu, uniambie nimekosea.

Okoth