Nukta Moja ya Zaidi

Jumanne, Mtanda

Leo mtambo wa redio wa kule Tingi umeanza kujiendesha. Hapa kituoni kwetu nagonga namba yake kwa nukta na mistari ya simu, kisha amri ya kuuwasha, nao unajibu wenyewe kwamba umepokea.

Zamani aliyekuwa akijibu kutoka kule ni marehemu mume wangu. Baada ya jibu alikuwa akiongeza nukta moja isiyohusu kazi, salamu yake kwangu tu.

Jibu la leo lilikuja upesi. Mkono wangu ukabaki hewani, ukiingoja ile nukta.

"Bi Zuhura, si umeshajibiwa? Kilwa wanangoja simu yao," alisema Ndugu Hamisi, mkuu wetu.

"Nimejibiwa, ndugu."

Naogopa wakiniona mzito watanihamisha.

Jioni, nikigonga amri ya kuuzima mtambo, niliongeza ile nukta mimi mwenyewe. Mtambo haukuielewa, ukataka nirudie amri. Nikairudia bila nukta.