Ngamia wa Kitovu cha Abdi

Jumanne, baada ya Isha

Leo mnunuzi amemchukua ngamia wetu. Mwanangu Abdi alipozaliwa, baba yake alifunga kitovu chake kwenye mkia wa ngamia huyo, akawa mali ya mtoto, asianze maisha mikono mitupu.

Abdi amemuuza apate pesa ya mashine ya gemu. Vijana wamekihama kibanda chake cha kuchezesha gemu, wako kwa jirani mwenye mashine mpya.

"Hooyo, mama yangu, kampuni za mashine zinashindana," aliniambia. "Hii ikitoa kali, ile inatoa kali zaidi. Ndiyo maana gemu zinanoga."

"Zikishindana tena mwakani, utauza nini?"

Akacheka. "Wewe Hooyo, niombee dua tu."

Nimeomba. Lakini roho yangu...

Ndama wa ngamia huyo, aliyeachwa kwetu, anamlilia mama yake tangu alasiri. Abdi alitoka kumtazama, akamzunguka polepole, kama wanunuzi wanavyofanya sokoni.