Mwanangu Uliyenichorea X

Mwanangu Rehema, uliyeko Kaliua,

Habari za huko? Huku Tabora tu wazima. Mgonjwa ni ubishi wangu peke yake, na huo nao unaelekea kupona. Barua hii ina nakala mbili. Moja inakuja kwako kwa treni, nyingine nimemwomba mtendaji wa mtaa aibandike kwenye ubao wa matangazo, pale pale ulipobandikwa uamuzi wa kuninyima kibali cha ujenzi. Mtaa mzima ulisoma kwamba ofisi ya mwanangu imenikataa. Basi mtaa mzima usome na haya.

Kosa lilikuwa langu. Ulipopata kazi ya mipango miji hapa hapa nyumbani, nilivimba kichwa. Nilipotaka kujenga vyumba vitatu vya wapangaji mbele ya nyumba, nilipeleka maombi asubuhi, mchana fundi akaanza kuchimba. Aliponiuliza kibali kiko wapi nikamjibu, "Kibali nimekizaa mwenyewe." Akacheka, akachimba. Mama Zuhura jirani yetu kuona hivyo, naye akaagiza tofali. Akaniambia bila kuficha, "Shoga, mimi nakufuata wewe. Mwenye mtoto ofisini haguswi."

Jumapili ulikuja baada ya ibada, ukautazama ule msingi, chakula kikakushinda. Ulisema, "Mama, hapo ni njia." Nikakwambia hapo ni kwangu, kula, ugali unapoa. Tukazungumza mambo mengine.

Yaliyotokea kwenye kikao cha kamati sikuyajua mpaka mtendaji aliponisimulia, maana alikuwamo. Jina langu liliposomwa ulisimama ukasema, "Mwombaji ni mama yangu mzazi. Naomba nitoke nje." Ukaenda kukaa kwenye benchi la nje mpaka walipomaliza. Hukuniombea, wala hukunichongea. Walinikataa wenyewe, kwa kuwa vyumba vyangu vingeziba njia iliyopo kwenye ramani. Mwenzako alijitolea kuniletea barua na kuweka alama ya kubomoa, ukamwambia, "Mama yangu hawezi kuletewa habari hii na mgeni. Nitakwenda mimi."

Siku ile mimi nilichokiona ni mwanangu anaingia uani na kopo la rangi nyekundu. Ulipiga goti ukasema, "Shikamoo mama." Sikuitikia. Ukangoja, bado umepiga goti, Mama Zuhura yuko mlangoni kwake anatazama kila kitu. Ukainuka, ukachora X kwenye msingi wangu, mstari mmoja ukaenda kombo. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Tangu hapo simu zako sikuzipokea, na ulipohamishwa ukaja kuniaga, nilijifungia chumbani nikajifanya nimelala. Nilikusikia umesimama nje ya mlango. Nilikusikia ukiondoka.

Marahaba, mwanangu. Imechelewa mno, lakini ndiyo hiyo, ipokee.

Kilichonigeuza si mtendaji, ingawa yeye anapenda kujisifu hivyo. Ni siku fundi aliporudi kuung'oa ule msingi. Pale mbele palipokuwa peupe nilisimama katikati, na ghafla nikamkumbuka bibi yako.

Ulikuwa darasa la tatu. Mama yangu alizidiwa mchana kweupe, na gari lililoazimwa kumpeleka hospitali likashindwa kuingia, maana kila mmoja wetu alikuwa ameshachomoza jiko lake au choo chake njiani. Wanaume wakambeba na kitanda chake. Kwenye kona ya jiko la jirani kitanda kikakwama. Wakakigeuza hivi, wakakigeuza vile, hakipiti. Ikabidi ashushwe, abebwe mgongoni, yeye na haya zake zote, kanga inamteleza, watu wamejaa. Wewe ulikuwa nyuma yake umeshika kandambili zake. Alipona, akaishi, lakini kila akiisimulia siku ile alikuwa anaivuta kanga yake kifuani.

Kesho yake nilikukuta umechora nyumba kwa kijiti kwenye uwanja niliotoka kuufagia. Nyumba nyingi, na katikati yake njia pana ya ajabu. Nikakuuliza, "Na hii yote ni ya nini?" Ukasema, "Ya kitanda cha bibi." Nikacheka, nikaifagia michoro yako nikaendelea na kazi zangu.

Mtaa wetu ulipopimwa, tulikubaliana kila nyumba irudi nyuma ili njia ipate upana. Nilitia saini na mimi. Kisha nikasahau, Rehema. Nilimsahau mama yangu mzazi mgongoni mwa watu, kwa ajili ya vyumba vitatu. Wewe hukusahau, na nilikuadhibu kwa kutosahau kwako. Nisamehe.

Sasa nikupe habari nzuri. Nilipeleka maombi mapya, safari hii vyumba viwili, nyuma ya nyumba, na ramani ya kueleweka. Dada aliyepokea faili alisoma jina, akaniangalia. "Wewe ndiye Mama Rehema?" Nikajiandaa kuaibishwa. Lakini aliinuka kwenye kiti akaniamkia. Akasema, "Mama, hapa ofisini mtu akileta ombi la ndugu yake, tunamwambia, toka nje kama Rehema." Nilitoka pale natembea kifua mbele, mzee mzima, hata pikipiki zikanipigia honi nihame barabarani. Wapo wenye watoto waliosoma kukuzidi, na wenye vyeo kukuzidi. Mimi ninaye aliyekataa kuniuzia jina lake, kisha akaja mwenyewe na goti lake na rangi yake kuniambia uso kwa uso. Ninakuonea fahari mpaka majirani wamechoka kunisikiliza.

Mama Zuhura naye alizirudisha tofali zake ndani ya mipaka. Bado anakusema. Ila bajaji siku hizi inamshusha na mizigo yake hadi mlangoni, na sijamsikia akiilalamikia njia.

Kibali kimetoka. Kina muda wake, na nisipoanza kazi kitakufa. Fundi amekuja mara mbili kuniuliza, nimemwambia angoje. Ameshaanza kuninunia. Nataka uje wewe, usimame pale nyuma, umwonyeshe kwa mkono wako jembe la kwanza lipige wapi, na mimi niwe pembeni nikitazama kazi yako kwa macho yangu. Huo muda ukiisha kabla hujaja, uishe. Kibali nitaomba kingine. Mtoto nina mmoja.

Panda treni wiki yoyote utakayopata ruhusa. Usinitumie ujumbe kwanza, usimtume mtendaji kunipima hasira. Mlango sifungi kwa ndani tena. Ukifika, hodi usipige.

Mama yako