Boksi la Matarumbeta

Jumatatu, 2 Machi

Babu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila kazi mpya bado naiogopa. Magoti yako yanaendeleaje?

Nimewekwa maktaba ya kanda hapa redioni, chumba kilekile ulichofanyia kazi. Bado siruhusiwi kugusa mashine. Nafuta vumbi na kubeba maboksi. Mkubwa wangu, ambaye wote wanamwita Mama Kanda, anayajua maboksi kama mtu anavyojua watoto wake: siku ya uhuru, siku vita vilipoisha, mwaka wa mafuriko. Anasema karibu kanda zote ulirekodi wewe.

Wananitania kwa kuwa sisemi. Nikakumbuka maneno yako, kwamba hewani ukinyamaza zaidi ya sekunde tatu, msikilizaji anadhani umekufa. Mimi wangeshanizika zamani.

Mjukuu wako


Ijumaa, 13 Machi

Babu,

Shikamoo. Hali yangu usiniulize. Simu zimekatwa, kwa hiyo barua hii nampa mama mboga wa huko kwetu, anayeshusha mzigo karibu na geti letu kila Ijumaa.

Tangu wanajeshi waipindue serikali Jumanne, wako humu kituoni. Mama Kanda haonekani, na hakuna anayethubutu kumtaja. Kapteni amekalia kiti chake. Jana aliniagiza nitoe kanda zote zenye sauti ya Rais waliyemwondoa, zifutwe. Akaniambia kwa upole, "Binti, ikibaki hata moja, utakwenda kumwuliza Mama Kanda aliko."

Nilizitoa moja moja. Nilipofika kwenye ile ya siku ya uhuru, nilishindwa. Nakala nyingine haipo. Nikaitia ndani ya boksi la matarumbeta ya gwaride, na matarumbeta nikayatia ndani ya boksi la uhuru. Wamefuta matarumbeta bila kusikiliza.

Sasa lile boksi linatazamana na kiti cha kapteni. Kila akiinua macho, nageuka kufuta vumbi. Babu, nimekosea?

Mjukuu wako


Jumapili, 15 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikaitia motoni.

Kanda umechagua vizuri, boksi umechagua vibaya. Wanajeshi kabla ya kusema lolote huomba matarumbeta. Tena kuna jambo usilolijua, kwa kuwa hujawahi kuisikiliza: kila kanda niliyorekodi huanza na sauti yangu ikitaja namba na siku. Atakayeiweka mashineni ataijua kabla hajavuta pumzi.

Ihamishie kwenye boksi la "Ufugaji wa Nyuki, Sehemu ya Tisa". Miaka thelathini sikuona mtu akiliomba, labda nyuki wenyewe.

Ningekuja mwenyewe, lakini barabarani wanapitisha magari ya vyakula tu, na mama mboga haendi huko mpaka Ijumaa. Siku tano, mama. Usimtazame kapteni, wala usilitazame boksi.

Babu yako


Jumamosi, 21 Machi

Mjukuu wangu,

U mzima?

Jana saa nne asubuhi walitangaza kwamba mkuu mpya atalihutubia taifa, na kwanza tusikilize matarumbeta. Nilisimama bila kukumbuka magoti. Nikajisikia mwenyewe, sauti ya ujana, nikisema: "Kanda namba saba. Siku ya uhuru." Umati ukashangilia. Rais akaanza, "Ndugu zangu, kuanzia leo..." Kinyozi wa jirani alitoka nje na mkasi mkononi, mteja wake nyuma, kichwa kimenyolewa nusu. Kisha redio ikanyamaza.

Mama mboga amerudi leo. Anasema alikusubiri getini mpaka mboga zikanyauka, na mlinzi akamwambia asiulize tena. Barua yangu amenirudishia haijafunguliwa. Nimeiweka juu ya redio.

Jana iliponyamaza nilihesabu, kwa mazoea ya kazi. Moja, mbili, tatu. Leo bado nahesabu.

Niandikie hata neno moja.

Babu yako