Mkono Begani mwa Dorian

St. Louis, Juni 2020

Kwako dada Rochelle,

Salamu zikukute huko Houston ukiwa mzima, na goti lako liwe limepata nafuu. Watoto hawajambo? Sisi huku tunapumua, ingawa joto limezidi na Mama bado hali chakula vizuri, labda samaki wanaokaangwa kanisani siku ya Ijumaa, tena kwa kulazimishwa. Najua umenipigia sana simu. Nilikuwa nimekununia. Leo nakueleza sababu, ukimaliza kusoma unitukane upendavyo.

Tangu polisi wamuue ndugu yetu Dorian, Mama ana fulana yenye picha yake, na kila Jumamosi huivaa kwenda kuandamana na watu wa kanisa. Picha ni ile ya Pasaka uliyotupiga mimi na Dorian kwenye ngazi za nyumba, mkono wangu begani mwake. Basi kwenye fulana nimekatwa. Amebaki Dorian na tabasamu lake, na begani vidole vyangu vyenye kucha za rangi ya zambarau. Hata hivyo vidole Mama havitaki. Huvifunika kwa utepe mweusi na pini.

Dada, nilimwonea wivu marehemu. Akiwa hai alikuwa kipenzi cha Mama, sawa, nilizoea. Yeye ndiye aliyepakuliwa kwanza makaroni ya jibini ya juu, yale yaliyoshika rangi kwenye oveni. Lakini hata kaburini? Mji mzima unaliita jina lake kwa kipaza sauti, na mimi niliye hai Mama hajawahi kuniita langu. Tangu niseme kwamba mimi ni mwanamke, naitwa “wewe” au “huyo”. Nikajiambia amenikata kwa sababu ananionea aibu. Na wewe uliyempa picha nikakutia kapu moja naye.

Jumamosi iliyopita chama chetu, mashoga, wasagaji na sisi tuliobadili jinsia, kiliandamana kwa ajili ya Dorian. Quintella, mwenyekiti wetu, yule mwenye domo, alisema polisi wanaotuburuta nje ya baa zetu ndio haohao waliomuua, kwa hiyo msiba ni wetu sote. Akanipa kazi ya kuchapisha fulana. Nikaona zamu yangu imefika. Nikachapisha picha nzima, sura mbili. Quintella alipoziona alikunja uso, akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba ni picha ya familia yetu, asinifundishe. Akasema haya, mwenye msiba ni wewe.

Tulikuwa wengi, bendera za upinde wa mvua mbele, tukiimba jina la Dorian. Kwenye makutano karibu na mahakama polisi walikuwa wametanda na ngao zao. Hatukurusha hata chupa ya maji. Wakatusukuma, wakatupiga virungu, kisha wakafyatua gesi ya machozi. Watu wakatawanyika. Mimi nikajikuta nyuma ya gari, nakohoa, macho yanawaka.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Quintella. Mama na wenzake wa kanisa walikuwa wanakuja kwa barabara ya pili, wakakutana na watu wetu wanaokimbia. Mama akaona fulana moja, ya pili, ya tatu. Akamkamata Quintella kifuani, akaitazama ile picha, akamuuliza huyu wa pili naye wamemuua lini. Quintella alitaka kumweleza lakini gesi ilimkaba. Mama akamwachia, akawaendea polisi na mkoba wake wa kanisani, akiita.

Alikuwa anaita Marvella, jina langu, lile nililojipa mwenyewe. Mrudisheni Marvella wangu, anasema, mmemtupa wapi Marvella wangu. Nilipotoka, askari mmoja alikuwa ameshamshika mkono anamsukuma. Mama aliponiona alinizaba kofi, kisha akanikumbatia mpaka mbavu zikauma.

Akanisema njia nzima. Nina akili gani, nani anamweka mtu aliye hai kwenye fulana ya msiba? Alisema mwenye duka aliyemchapishia fulana alishindwa kuufuta mkono wangu bila kuharibu bega la Dorian, ndiyo maana ya utepe. Hawezi kutembea na mkono wa mtoto aliye hai juu ya nguo ya maiti. Mmoja ametosha, akasema. Akanivua ile fulana palepale njiani, akanivika sweta yake nyepesi iliyokuwa mkobani. Kuhusu jina hakusema kitu, nami sikuuliza.

Rochelle, kila mtu mtaani kwetu anajua kwamba kwenye fulana hizo huwekwa marehemu tu. Hata mimi nilijua. Wivu ulinipofusha.

Liko moja sijamwambia mtu, hata Quintella. Sauti ya Mama niliisikia mara ya kwanza alipoita. Niliweza kusimama. Gesi ilikuwa imeshapungua. Nilijua ananililia, na kwamba wale wana bunduki, nami nikabaki nimechuchumaa nyuma ya lile gari. Nilitaka aite tena. Akaita tena. Nikataka mara moja zaidi.

Nibusie watoto, na goti ulikande kwa maji ya moto. Mama anakusalimu. Yuko jikoni, ameniuliza nakuandikia nini, nikamwambia habari za joto.

Mdogo wako,
Marvella